Shuu mpya, breki mbovu: kusaka ugonjwa kwenye drami za Land Rover 109

Mtu akija gereji kwetu Mabatini, Mwanza, na Land Rover ya zamani yenye shida ya breki, mara nyingi huwa ameshanunua kitu. Anashuka na boksi la masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedeli) mkononi, anataka nifunge tu aondoke. Namwambia aliweke kwenye kiti, tufungue tairi kwanza. Kama breki ilikuwa inashika kiasi na shuu zilizokwisha (shuu ni vile vyuma vya upinde vinavyosukumwa nje kusimamisha tairi), ukafunga shuu mpya ikawa mbaya zaidi, masta usiiguse bado. Tatizo liko pale shuu inapokutana na drami, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi, na utaliona kwa macho yako kabla hujatoa hata shilingi mia.

Nitaongelea 109 Series III (109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, kwa sababu ndizo ninazozishika kila wiki. Zinashuka mialoni, yaani fukwe za ziwani samaki wanakoshushwa, kubeba dagaa, zinarudi nyuma mpaka maji yanagusa ekseli, halafu zinapanda na mzigo. Breki yake ni drami nne za inchi 11. Mbele kila tairi lina silinda ndogo mbili na kila silinda inasukuma shuu yake. Nyuma kuna silinda moja inayosukuma shuu mbili kwa mpigo. Zile fupi, 88, nyingi zina drami za inchi 10 na mbele zina silinda moja tu, lakini mengi yaliyo hapa yanazifaa pia.

Kabla ya kupiga jeki

Handibreki ya gari hili haikamati matairi. Inakamata drami iliyo nyuma ya gia boksi, kwenye shafti inayokwenda ekseli ya nyuma. Ukiinua tairi moja la nyuma, difu (gia za katikati ya ekseli) inaliachia lile la hewani lizunguke, na lile lililobaki chini nalo linazunguka, gari linaondoka na handibreki yake imevutwa mpaka mwisho. Niliijua habari hii nikiwa bado kijana wa spana, kwenye mteremko wa kushuka Bugando. Gari lilishuka taratibu kabisa, likaenda kuegemea jabali. Mwanza mawe hatukosi, na siku ile nilimshukuru Mungu kwa hilo. Weka vigingi kwenye matairi yanayobaki chini, mbele na nyuma, na gari likae juu ya stendi, siyo juu ya jeki.

Jambo la pili ni vumbi. Lainingi, yaani ule utando wa kusugua uliobandikwa kwenye shuu, nyingi za zamani zilichanganywa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Usipulize kwa kompresa, wala kwa mdomo. Lowanisha kila kitu kwa maji, futa kwa kitambaa kibichi, kitie kwenye mfuko na uufunge.

Halafu toa simu upige picha kabla hujagusa springi hata moja. Piga upande wa kushoto na wa kulia. Fanya tairi moja moja, ili lile ambalo hujafungua liwe kioo chako.

Drami haiingii juu ya shuu mpya

Hapa vijana huchukua nyundo. Weka chini.

Kwanza angalia konokono. Nyuma ya bamba la breki, ile sahani ya chuma inayobeba shuu, kuna vichwa vya nati vya kuajasti, na kwa ndani kila kimoja kinazungusha kibao kilichopinda kama ganda la konokono, kinachoisukuma shuu nje kadiri unavyokizungusha. Shuu za zamani zilikuwa nyembamba, kwa hiyo konokono zote zilikuwa zimesukumwa mbali. Zirudishe zote mwanzo. Zikiwa zimeganda kwa kutu, weka oili ya kulegeza tangu jioni, asubuhi zitageuka. Ukizilazimisha siku hiyo hiyo utavivuruga vichwa, na kichwa kikishakuwa duara ujue bamba linashuka.

Pistoni nazo lazima zirudi ndani. Ukizisukuma, mafuta ya breki yanapanda kwenye chombo cha juu, kwa hiyo kifunguliwe na upunguze kiasi, yasimwagike kwenye rangi. Yanakula rangi hayo. Pistoni isiyotaka kurudi kwa mkono imeshaota kutu, na silinda hiyo ibadilishwe sasa hivi, usisubiri ikushike kwenye mteremko.

Kama vyote viko sawa na drami bado inagoma, pitisha kidole kwenye mdomo wa drami. Drami iliyotumika miaka mingi inalika pale shuu inapogusa tu, na pembeni unabaki ukingo. Shuu mpya inakwama kwenye ukingo huo. Hata ukiipitisha kwa nguvu, itakuwa inagusa ukingo badala ya uso, na breki itakuwa ya jina tu. Drami iende kwa mchonga vyuma.

Akiichonga, mwambie namba. Drami mpya ya 109 ina kipenyo cha milimita 279.4, na kikomo cha kuichonga ni kuongeza kama milimita 0.75 tu kwenye kipenyo. Zaidi ya hapo inakuwa nyembamba, inapata moto haraka na inatanuka. Chonga za kushoto na kulia sawasawa. Fundi anayechonga moja kwa sababu "hii nyingine bado nzima" anakutengenezea tatizo la gari kuvuta upande.

Chaki

Hii ndiyo kazi ninayoisisitiza kuliko nyingine zote. Nunua chaki ya shuleni. Ipake ndani ya drami, mzunguko mzima, kisha futa kidogo ibaki kama unga. Rudisha drami, bana konokono mpaka shuu ziguse, zungusha kwa mkono mara mbili tatu, fungua. Lainingi itakuwa imejiandika yenyewe.

Chaki ikishika katikati ya lainingi na ncha zote mbili zikabaki safi, shuu imepinda zaidi kuliko drami. Ni kawaida kwa shuu mpya kwenye drami iliyolika au kuchongwa. Breki itakuwa dhaifu siku za mwanzo, kisha itajipanga yenyewe kadiri lainingi inavyolika. Mweleze mwenye gari hivyo, asije kukupigia simu usiku.

Chaki ikishika kwenye ncha mbili na katikati pakabaki pasafi, hapo kuna kazi. Shuu imenyooka kuliko drami. Italia, itakamata kwa kushtuka, na pedeli itakuwa laini kama ina upepo (hewa ndani ya mafuta ya breki), kwa sababu ukikanyaga unaipinda shuu yenyewe kabla katikati hapajagusa. Nimeona watu wakitoa upepo mara nne kwa gari la namna hii, chupa mbili za mafuta zimekwisha, na ndani ya paipu hakuna upepo hata chembe. Dawa yake ni kusugua zile ncha kwa msasa mgumu uliofungwa kwenye ubao, kidogo kidogo, ukipima kwa chaki kila mara, mpaka alama zianze kuonekana katikati. Ukifanya kazi hii lainingi iwe imelowa.

Na chaki ikishika ukingo mmoja tu wa lainingi, upande wa ndani au wa nje, shuu imekaa upande. Aidha haijaingia vizuri kwenye kishikio chake, au bamba la breki limepinda. Kagua kishikio kwanza, maana mara nyingi ni uchafu uliogandamana pale.

Pedeli inazama

Mteja husema "breki hakuna", basi. Wewe muulize mguu wake unasikia nini, au kanyaga mwenyewe injini ikiwa imezimwa.

Ukikanyaga mara ya kwanza inakwenda chini sana, ya pili inapanda na kuwa ngumu: shuu ziko mbali na drami. Ajasti. Zungusha konokono mpaka tairi lisizunguke, kisha irudishe kidogo mpaka lizunguke likiwa linasugua kwa mbali. Kanyaga breki kwa nguvu mara moja shuu zijikalishe, halafu rudia. Kila shuu ina konokono yake, na wengi husahau ile ya juu mbele kwa sababu haionekani bila kuinama. Shuu mpya hutaka kuajastiwa tena baada ya siku chache.

Pedeli ni laini, inabonyea kama sifongo, haipati ugumu hata ukipampu: upepo, au zile ncha za shuu nilizozisema. Kama chaki imekwisha kukupa jibu zuri, basi ni upepo. Breki za mbele za 109 zina sifa ya kuficha upepo, maana mafuta yanapita silinda moja kwenda ya pili kwa paipu fupi, na kipovu kidogo kikikaa kona ya juu hakitoki kirahisi. Ujanja ni kubana konokono zote kabisa, shuu zishike drami tairi lisizunguke, ndipo utoe upepo. Pistoni zikikosa pa kwenda, mafuta yanakimbia yote kwenye paipu na kuzoa upepo. Anza tairi lililo mbali zaidi na masta, kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Chombo cha juu kisikauke, na mafuta yaliyotoka usiyarudishe. Ukimaliza, usisahau kulegeza konokono. Nimeshasahau, na niliyajua makosa yangu kwa harufu.

Pedeli ni ngumu, lakini ukiishikilia inashuka polepole kama mtu anayesinzia: kuna mahali panavuja, au mipira ya masta imekwisha. Zunguka gari lote kwanza, kagua nyuma ya kila bamba kama kuna unyevu. Kavu kote? Sasa lile boksi kwenye kiti lina kazi.

Kuna jambo moja la hapa kwetu. Kuna watu huongezea oili ya injini au ya haidroliki mafuta ya breki yakipungua njiani. Mipira ya breki inavimba ikigusa oili hiyo, na baada ya hapo kila chenye mpira kibadilishwe, kuanzia masta hadi silinda ya mwisho. Tumia DOT 3 au DOT 4, na chupa ikikaa wazi tangu mwaka jana itupe, inavuta unyevu.

Linalosimama vizuri likirudi nyuma

Mwaka fulani wakati wa vuli alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Kayenze. Gari lake lilikuwa limetoka kubadilishwa beringi za mbele na shuu nne, mahali pengine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hili gari limenishinda. Nimetoa upepo, nimebadilisha masta, nimebadilisha hata mipira. Nikirudi nyuma kwenye maji linakamata kama limefungwa kamba. Nikienda mbele linanipeleka linapotaka lenyewe."

Nilitaka kucheka kwa furaha lakini nikajizuia, maana mzee alikuwa ametumia hela nyingi. Alikuwa ameshanipa jibu lote.

Drami inapozunguka inaiburuta shuu. Kama ncha ya shuu inayosukumwa na pistoni ndiyo inayopokea mzunguko kwanza, drami inaivuta shuu ijikandamize zaidi, na breki inajiongezea nguvu yenyewe. Ikiwa mzunguko unaanzia ncha iliyotulia, drami inaisukuma shuu irudi, na nguvu inapotea. Mbele kwa 109 shuu zote mbili zimepangwa zijikandamize gari likienda mbele. Ndiyo maana kuna silinda mbili. Sasa ukifunga bamba la kushoto upande wa kulia na la kulia upande wa kushoto, zote mbili zinageuka. Kila kitu kinaingia, nati zinabana, pedeli inakuwa ngumu na nzuri. Ila nguvu yote imehamia kwenye rivasi.

Kupima hakuhitaji chombo. Toa drami ya mbele, weka kidole pale pistoni inapogusa shuu, zungusha habu kama gari linakwenda mbele. Mzunguko utoke kwenye pistoni uelekee ncha iliyotulia. Ukienda kinyume, umeshaupata ugonjwa. Tulihamisha mabamba, tukatoa upepo, mzee akajaribu hapo hapo barabarani. Alirudi bila kusema kitu, akachukua masta yake ya zamani pale nilipokuwa nimeiweka, akaitia kwenye gari. Sikumlaumu.

Linavuta upande

Likivuta kushoto, usikimbilie tairi la kushoto. Huenda la kushoto ndilo zima na la kulia halifanyi kazi. Endesha kama kilomita mbili ukikanyaga mara kadhaa, simama, nyunyizia matone ya maji juu ya kila drami. Inayochemsha maji inafanya kazi, au inafanya kupita kiasi. Iliyo baridi imelala.

Iliyolala mara nyingi ina pistoni iliyoganda, au lainingi imelowa oili. Oili inatoka kwenye sili ya habu, na sili hufa haraka pale kipumulio cha ekseli kikiziba kwa tope, kwa kuwa ekseli ikipata moto haina pa kupumulia ila kwenye sili. Magari ya mwaloni yana shida nyingine juu ya hiyo: ekseli yenye moto ikiingia ziwani ghafla inapoa na kunyonya maji. Fungua nati ya difu, oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa umepata jibu.

Lainingi iliyoshiba oili ni ya kutupa. Wapo wanaoichoma moto, au kuiosha kwa petroli na kuianika juani. Itashika siku tatu, kisha oili iliyojificha ndani inarudi juu. Badilisha shuu za pande zote mbili za ekseli hiyo, za aina moja, siyo upande ulioharibika peke yake.

Tairi linaunguza mkono

Inua tairi linaloshika. Kanyaga breki, achia, jaribu kuzungusha. Likiwa gumu, fungua nipeli ya upepo ya tairi hilo, ile skrubu ya kutolea upepo nyuma ya bamba la breki. Mafuta yakiruka na tairi likalegea, kuna presha iliyofungiwa. Lisipolegea, tatizo ni la vyuma: konokono iliyobanwa mno, springi iliyowekwa tundu lisilo lake, au kishikio cha shuu kikavu. Hapo piga grisi ya kustahimili moto, nyembamba kama mafuta ya kujipaka, na isifike kwenye lainingi.

Kama ni presha na ni tairi moja tu, shuku mpira wa breki, lile bomba la mpira linalopeleka mafuta kwenye tairi. Kwa nje unaonekana mzima, ndani umevimba, mafuta yanakwenda kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi. Ukiwa ni wa ekseli ya nyuma, matairi yote mawili ya nyuma yatashika, maana ni mpira mmoja. Yakishika yote manne, nenda kwenye pedeli. Fimbo ya masta inatakiwa iwe na nafasi ndogo kabla haijagusa pistoni. Mtu akiibana ili "pedeli iwe juu", masta hairudi mwisho, na breki zinajikaza kadiri unavyokwenda.

Kelele na kutetemeka

Mlio mwembamba kwenye shuu mpya huisha ukizitia tupa ncha za lainingi, zishuke kimteremko milimita chache tu. Mlio wa asubuhi baada ya gari kulala karibu na ziwa ni kutu ya juu juu, mikanyago mitatu inaisha. Pedeli inayopigapiga chini ya mguu ni drami iliyopoteza duara, na nyingi nilizoziona zilitoka mwaloni: zimeteremka zikiwa moto, zikaingia majini hapo hapo. Ngoja robo saa kabla ya kurudi kwenye maji. Dagaa hawatakimbia.

Safari ya kujaribu

Mimi huchukua barabara ya Musoma, mapema kabla ya msongamano, gari likiwa tupu. Mpaka Igoma nakanyaga kidogo kidogo, sikanyagi kwa hasira, lainingi ziandikiane na drami bila kuungua. Nikifika Kisesa nasimama na kupeleka kiganja karibu na kila drami. Mbili za mbele zilingane, mbili za nyuma zilingane, na za mbele ziwe na joto zaidi kwa sababu ndizo zinazobeba kazi. Moja ikitofautiana na mwenzake, naweka vigingi na kuajasti pale pale pembeni mwa barabara, kisha narudi mjini nikiwa na mtu mwingine kwenye usukani, mimi nikisikiliza nikiwa kwenye kiti cha abiria dirisha wazi.